Nduthi inalia resi lakini haipandi Riat, hii ni klachi ama fundi ananicheza?

#1 Jamaa wa Kondele
Wadau habari zenu. Mimi niko steji ya Kondele, piki ni Boxer 150, huu ni mwaka wa tatu na sijawahi fungua injini. Tangu wiki jana nikibeba mtu mmoja tu kupanda Riat kuenda Kiboswa, nikifika pale katikati ya mlima naongeza mafuta injini inapiga kelele kama inakimbia themanini lakini piki yenyewe inatambaa, kuna mama wa mboga na karai kichwani karibu anipite. Kwa tambarare iko sawa, Kondele mpaka Kibuye huwezi jua iko na shida. Asubuhi pia iko sawa, maneno inaanza saa tano hivi jua ikishawaka. Nimekaza waya ya klachi mara mbili, siku ya kwanza nikadhani imesaidia, kesho yake ikawa mbaya zaidi. Fundi mmoja amesema klachi pleti zimekwisha nilete elfu mbili mia tano. Mwingine ng'ambo ya barabara akasema ni ringi za pistoni, zile pete zinaziba kando ya pistoni, injini yote ifunguliwe. Sasa niamini nani? Klachi ikiisha dalili zake haswa ni gani, kabla nitoe pesa?

#2 Omwami wa Lurambi
Mulembe. Kabla mafundi waje tuambie huyo abiria mmoja alikuwa kilo ngapi. Kuna watu huku Lurambi ukibeba mmoja ni kama umebeba harusi na keki yake.

#3 Spana Kumi
Sasa bosi. Mimi ni fundi hapa Nakuru upande wa Shabaab, miaka kumi na moja nafungua hizi vitu. Injini ikipanda resi na tairi haipati hiyo nguvu basi nguvu imepotelea njiani, na njiani kuna vitu viwili vya kushuku, klachi na cheni. Cheni ikiruka meno ya sproketi utasikia kak kak kak na piki inarukaruka, hiyo huwezi kosa kujua. Klachi ikiteleza haina kelele yake, ni injini tu inalia na mwendo unabaki palepale. Na huanzia kwa gia kubwa, mlimani, na mzigo, juu hapo ndio pleti, zile sahani za klachi zinashikana kupitisha nguvu, zinasukumwa na nguvu yote ya injini, kwa hivyo usidanganyike na tambarare ya Kibuye.

Jaribu hivi. Tafuta barabara iko wazi, weka gia ya juu ukiwa kama 40, shika klachi, fungua mafuta kidogo resi ipande, halafu achilia klachi bila kufunga mafuta. Klachi mzima itavuta resi chini mara moja na piki itakurusha kidogo. Resi ikibaki huko juu ikishuka polepole kama mzee anashuka ngazi, hiyo inateleza. Na harufu je? Ukisimama pale juu ya Riat hunusi kitu kimeungua kama breki ya lori? Mwaga oili pia uangalie, ikiwa nyeusi tii inanuka moto na ulibadilisha juzi, huo ni unga wa pleti umeingia ndani.

Na huyo wa elfu mbili mia tano anajenga nyumba.

#4 Mwalimu 58
Nakubaliana na fundi kwa mengi lakini mmesoma haraka. Jamaa amesema amekaza waya mara mbili na ikawa mbaya zaidi. Stori yote iko hapo. Watu wengi klachi ikiteleza wanakimbilia kukaza waya, na ni kinyume. Springi ndizo zinabana pleti pamoja, waya kazi yake ni kuzitenganisha. Ukiikaza mpaka leva haina mchezo ni kama unaendesha siku nzima na vidole vimeshika klachi, springi hazibani mpaka mwisho, pleti zinasuguana, zinapata moto, zinakwisha hata kama zilikuwa nzima.

Halafu kuna hii watu hawaijui. Waya ikivutika kwa uzee, leva inalegea, inacheza zaidi. Lakini pleti zikipungua unene leva inapoteza mchezo wake yenyewe bila mtu kuigusa, na ile pahali klachi inashika inasonga huko nje mwisho kabisa wa leva. Kwa hivyo kama wewe ni wa kukaza kila wiki, shida yako iko kwa waya. Kama kila wiki unalegeza, pleti zinakuaga. Leva kwa ncha yake icheze bure kama mm 10 mpaka 20 hivi kabla ianze kuvuta kitu, pikipiki nyingi ndogo ziko hapo, lakini angalia kitabu cha yako.

#5 Jamaa wa Kondele
Mwalimu umenishtua. Nimetoka hapa nje na tochi ya simu, leva haichezi hata kidogo, imekaza kama kamba ya nyatiti. Nimelegeza pale juu kwa leva mpaka skrubu ikaisha nikamalizia pale chini kwa injini. Kesho nalipanda Riat nilete ripoti. Harufu ndio iko fundi, mimi nilidhani ni watu wanachoma takataka Mamboleo. Ero kamano.

#6 Omwami wa Lurambi
Wiki nzima anapita akilaumu takataka za watu wa Mamboleo na ni yeye anachoma.

#7 Baba Nanjala
Na hakuna mtu ameuliza oili. Mimi niko Bungoma, nabeba mahindi Chwele mpaka mjini gunia mbili mbili, nilipata shida hii hii mwaka jana, nikabadilisha pleti, baada ya mwezi mmoja ikarudi, nikabadilisha tena, ikarudi. Nikaanza kufikiria nimerogwa na jirani juu tulikuwa na kesi ya mpaka wa shamba. Kumbe ni oili. Nilikuwa napimiwa na jamaa mmoja ya mtungi, ya gari ya petroli, ile nyepesi inaandikwa inapunguza matumizi ya mafuta. Hiyo imewekwa dawa ya kuteleza ndani yake, injini ya gari inafurahia juu klachi ya gari hukaa kavu mbali na oili, lakini klachi ya piki inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Unaipaka dawa ya kuteleza halafu unaiambia ishike. Sai nanunua chupa imefungwa, nyuma iko na herufi JASO MA ama MA2, hiyo ni alama ya oili inafaa klachi ya piki, na huu ni mwezi wa kumi pleti ziko.

#8 Mtu wa Ngata
Baba Nanjala hiyo ya oili watu wameifanya dini. Mimi natumia oili ya lori, 15W-40 ya dizeli, miaka minne, Ngata mpaka Rongai kila siku na klachi haijawahi nisumbua. Hiyo JASO ni biashara ya kuuzia watu chupa.

#9 Mwalimu 58
Mtu wa Ngata, oili nyingi za dizeli hazina hiyo dawa ya kuteleza, na kuna zingine nyuma zimeandikwa hiyo hiyo JASO MA. Kwa hivyo yako kushika haimaanishi Baba Nanjala amedanganya. Yeye alisema ya petroli, ile nyepesi.

#10 Mtu wa Ngata
Sawa mwalimu nimekaa chini. Lakini ya mtungi sijawahi amini hata ya kupikia.

#11 Nyar Ahero
Naomba niingie hapa na mimi, mimi siendeshi lakini niko na piki mbili nimepatia vijana, mmoja Ahero mmoja huku Nyalenda. Yule wa Ahero klachi ni mara moja kwa mwaka hivi. Yule wa Nyalenda kila baada ya miezi mitatu naletewa karatasi ya klachi pleti, mia nane, mia tisa, fundi mia tatu, oili. Piki ni za mwaka mmoja, zimenunuliwa siku moja, oili nanunua mwenyewe natuma. Nimekuwa nikidhani kijana ananiibia. Sasa nikisoma hapa sijui tena. Inaweza kuwa ni uendeshaji ama ni wizi?

#12 Spana Kumi
Mama zote mbili zinawezekana. Wa Ahero anaendesha kwa lami tambarare, mashamba ya mpunga hayo, anaweka gia ya juu anasahau klachi iko. Wa Nyalenda anaingia vichochoro, anasimama, anaenda, matope, mashimo, anabeba wawili, muda wote ako kwa hafu klachi, leva imeshikwa nusu. Hafu klachi ndio inakula pleti, si kilomita. Halafu kuna wale wakisimama kwa mlima wakingoja mteja hawashiki breki, wanashikilia piki na klachi isirudi nyuma. Dakika mbili tu hivyo unanusa. Lakini usiachie kijana hivi hivi. Mwambie akileta karatasi alete na pleti za zamani kwa mkono. Kama hazijafutika uso, zina mistari yake safi, umepata jibu.

#13 Nyar Ahero
Nitafanya hivyo. Asante fundi.

#14 Omwami wa Lurambi
Spana umeharibia kijana wa watu. Saa hii yuko kwa takataka za mafundi Kibuye anachagua pleti zimeisha vizuri.

#15 Spana Kumi
😂😂 Hapo sina dawa.

#16 Mzee wa Bondeni
Vijana mmekimbilia klachi lakini fundi wa pili wa Jamaa hakuwa mjinga. Mimi nimeendesha tangu enzi za Honda CG, ile ya zamani. Ringi zikiisha piki hukosa nguvu mlimani vile vile. Na kuna kipimo rahisi, kiki. Ukikanyaga kiki na inaenda chini laini kama pedali ya baiskeli bila kukataa, kompreshen, ule mbano wa hewa ndani ya injini, hakuna. Jamaa kiki yako iko aje?

#17 Jamaa wa Kondele
Mzee shikamoo. Sasa vile umesema nimejaribu, ni nyepesi kiasi. Si kama zamani. Ndio hiyo nimeanza kuogopa injini.

#18 Spana Kumi
Mzee wa Bondeni heshima zako lakini kiki ni shahidi mwongo. Kuna piki nguvu ya kiki inapitia kwa pleti za klachi ndio ifike kwa injini. Kwa hizo, klachi ikiteleza kiki nayo inakuwa nyepesi, utasema kompreshen imekwisha na injini ni mzima, nimeona watu wamefunguliwa injini bure. Kuna zingine kiki haipiti kwa pleti. Jamaa, ujue yako ni gani: ingiza gia, shika klachi, piga kiki. Ikiwaka ikiwa ndani ya gia basi kiki haipiti kwa pleti, na hapo wepesi wake ni kweli inasema kitu kuhusu ringi ama valvu. Ikikataa kuwaka hivyo mpaka uweke nyutro, wepesi wa kiki unaweza kuwa ni klachi. Na ringi zikiisha injini huwa haipandi resi na furaha hivyo kwa mlima, inachoka pamoja na piki. Ya Jamaa injini inaimba piki ndio imechoka. Moshi wa samawati huko nyuma uko?

#19 Jamaa wa Kondele
Moshi hakuna. Oili pia sijawahi ongeza katikati. Nimeweka gia ya pili nikashika klachi nikapiga kiki imewaka. Sasa?

#20 Mzee wa Bondeni
Ahaa. Nilisema.

#21 Spana Kumi
Haujasema kitu mzee. Inaweza kuwa kiki ni nyepesi kidogo juu injini ni ya miaka mitatu ya boda, na klachi pia inateleza. Piki inaweza kuwa wagonjwa wawili.

#22 Kijana wa Lanet
Mimi yangu ni tofauti lakini ni klachi pia. Nikisimama kwa taa nikashika klachi yote piki inataka kuenda yenyewe, inasukuma mbele, nashika breki. Na nikitoa nyutro kuweka gia ya kwanza inapiga kang! mara ingine injini inazima. Nyutro kutafuta ikiwa imesimama ni maombi. Nimeambiwa pleti zimeisha nibadilishe.

#23 Mwalimu 58
Yako ni kinyume cha ya Jamaa, ya Jamaa klachi haishiki, yako haiachii. Pleti zikiwa nyembamba hazina sababu ya kukataa kuachana. Anza na waya, labda leva inacheza sana kwa hivyo ukivuta mpaka mwisho bado pleti hazijatengana vizuri. Kama waya iko sawa, pleti za chuma zimepinda kwa moto, zilaze moja moja juu ya kioo cha dirisha uone kama zinakaa flati.

#24 Spana Kumi
Na ukifungua angalia ile hauzingi, ile sahani pleti zinaingia meno yake. Meno ya pleti huichimba taratibu mpaka inakuwa na vijishimo, sasa pleti zikitaka kusonga zinakwama kwa vijishimo. Watu hubadilisha pleti mpya wanarudisha kwa hauzingi imechimbika halafu wanalaumu duka. Ikiwa imechimbika kidogo wengine hupiga pasi kwa faili, mimi sipendi, lakini nimeshafanya kwa mtu hana pesa.

#25 Kijana wa Lanet
Leva inacheza karibu nusu yake. Nimekaza. Imepunguza kusukuma lakini kang iko. Nitafungua mwisho wa mwezi.

#26 Mkazi wa Free Area
Mimi nadhani shida ya Jamaa ni hewa. Huko juu hewa ni nyepesi kabureta inalewa. Hata mimi nikitoka Nakuru kupanda Timboroa piki inakufa.

#27 Mwalimu 58
Ndugu yangu wewe unatoka Nakuru mita 1,850 unaenda Timboroa karibu mita 2,700, hapo ni kweli, injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kisumu iko mita 1,100 na kitu, kando ya ziwa. Kutoka Mamboleo mpaka juu ya Riat ni mita mia chache tu, hazitoshi kuua Boxer. Na hewa ikiwa nyepesi injini inakosa nguvu, hailii resi. Kitu inalia na haiendi si hewa.

#28 Omwami wa Lurambi
Mwalimu ukisahihisha hivyo watoto wa shule huwa wanalia?

#29 Mwalimu 58
Wazazi ndio hulia.

#30 Chaji Tupu
Nyinyi bado mnaongelea klachi mwaka huu? Mimi nilihamia ya umeme. Haina klachi, haina gia, haina oili ya mtungi, haina ringi, Mzee wa Bondeni hana kazi. Unapotosha tu mkono inaenda.

#31 Baba Nanjala
Na betri ikiisha Chwele na gunia mbili za mahindi nitapotosha nini, shingo?

#32 Chaji Tupu
Unabadilisha betri kwa kituo dakika mbili.

#33 Baba Nanjala
Kituo cha Chwele kiko wapi? Nakungoja unionyeshe, nitakupikia kuku.

#34 Jamaa wa Kondele
Wadau rudini kwa mada. Ripoti. Leo nimepanda Riat mara tatu na leva imelegezwa. Asubuhi ilipanda kama mpya nikaimba. Saa sita na mteja mmoja ikaanza tena lakini si kama juzi, ilipanda kwa gia ya pili, ya tatu ndio inalia. Saa tisa na mama mmoja na mtoto ikarudi palepale. Kipimo cha Spana cha gia ya juu nimefanya kwa barabara ya Busia pale Kisian ikiwa baridi, resi ilishuka sawa. Nimerudia ikiwa moto, ilibaki juu kama sekunde mbili ndio ikashuka. Sasa hii ya asubuhi mzima mchana mgonjwa ni nini?

#35 Spana Kumi
Hiyo ndio klachi yenyewe. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, springi zimechoka, pleti zinateleza.

#36 Baba Nanjala
Ama ni oili ya gari. Jamaa unaweka gani?

#37 Jamaa wa Kondele
Ya mtungi 😔

#38 Baba Nanjala
😂😂😂 Kesi imefungwa.

#39 Spana Kumi
Haijafungwa. Amebeba watu miaka tatu na hajawahi badilisha pleti, halafu akakaza waya wiki nzima akapanda mlima. Hata kama oili ilianza, pleti saa hii zimeshaungua.

#40 Dereva wa Majengo
Mimi napita tu lakini kuna kitu hamjauliza, breki ya nyuma. Mimi nilikuwa natoka Majengo kuenda Mbale kila siku, piki inakosa nguvu mlimani, naongeza mafuta, nikashuku klachi, nikabadilisha, ikabaki vile vile. Siku moja nikagusa hab ya nyuma, pale katikati ya tairi, nikaungua mkono. Breki ilikuwa imeshikana muda wote, springi ya pedali ya mguu ilikuwa imekatika. Weka piki kwa stendi kubwa, nyutro, zungusha tairi ya nyuma kwa mkono, kama haizunguki mara mbili tatu peke yake ni breki. Na klachi inayosukuma breki iliyoshikana siku nzima itakwisha tu, kwa hivyo inaweza kuwa breki ndio ilianza.

#41 Mwalimu 58
Hii ni pointi nzuri sana, nakubali sikuifikiria. Jamaa angalia.

#42 Jamaa wa Kondele
Nimezungusha. Inazunguka mara moja na nusu inasimama. Sijui hiyo ni nzuri ama mbaya.

#43 Dereva wa Majengo
Ni katikati. Legeza nati ya breki kidogo, haina gharama.

#44 Omwami wa Lurambi
Kufikia sasa ni pleti, springi, waya, oili, ringi, hewa, breki. Jamaa uza hii piki ununue ng'ombe, iko na gia moja.

#45 Msichana wa Shinyalu
Swali la mtu hajui, kuna fundi aliwahi niambia hakuna haja ya pleti mpya, atafungua aweke wasa chini ya kila springi ibane zaidi, mia mbili tu. Nilikubali, ni miezi miwili sasa haitelezi. Ni makosa?

#46 Spana Kumi
Dada hiyo ni dawa ya kutuliza tu. Inafanya kazi, sitadanganya, nimewahi weka wasa nikiwa sina springi na mtu anataka kufika Eldama Ravine usiku. Lakini leva sasa ni nzito si ndio? Mkono unauma jioni? Waya itakatika kabla ya wakati wake, na pleti zikiwa zimeisha kweli unabana kitu haipo. Kuna wengine pia hupiga pleti msasa zinashika wiki moja mbili. Ni ya kufika nyumbani, si ya kukaa nayo.

#47 Msichana wa Shinyalu
Mkono unauma kweli, mimi nilidhani ni kufua.

#48 Mtu wa Ngata
Na ukiweka mpya ziloweke kwa oili kwanza, usiku mzima kwa bakuli. Zikiingia kavu zinaungua siku ya kwanza kabla oili izifikie.

#49 Spana Kumi
Usiku mzima ni sawa. Kuna mafundi wanazichovya kama mandazi kwa chai na kufunga.

#50 Jamaa wa Kondele
Samahani nilipotea wiki mbili, nilikuwa na msiba nyumbani Siaya. Ripoti ya mwisho. Nilienda kwa fundi wa tatu, mzee mmoja ametulia, akanipatia stuli nikakaa naye akifungua. Alikuwa na venia kalipa, kile chuma cha kupima unene kwa milimita, akapima pleti. Mpya kutoka kwa duka zilisoma karibu 3.0, zangu nyingi zikasoma 2.8, moja 2.7. Akasema kitabu kinasema mpaka 2.6 hivi ndio unatupa. Kwa hivyo hazijaisha! Lakini pleti za chuma ziko na madoa ya samawati kama mafuta ya taa kwa maji, akasema hizo zimeona moto. Springi zangu na mpya akazisimamisha kando kwa kando juu ya benchi, zangu ni fupi kama unene wa shilingi kumi. Oili ilitoka nyeusi inanuka. Breki nililegeza tangu ile siku.

Nikaona nisitoke hapo nusu. Nimeweka pleti zote, za chuma pia, springi, oili ya chupa MA2, waya mpya, leva inacheza vile mwalimu alisema. Jumla na kazi yake ilipita kidogo ile elfu mbili mia tano ya fundi wa kwanza, nisicheke. Sasa inapanda Riat na watu wawili gia ya tatu saa nane mchana.

#51 Spana Kumi
Springi. Nilisema springi zimechoka, post 35. Pleti ni nzima, springi hazibani.

#52 Baba Nanjala
Pleti nzima 2.8 halafu zinateleza? Hiyo ni oili bosi. Ungebadilisha oili peke yake ungeokoa pesa.

#53 Mwalimu 58
Waya ilikuwa imekazwa. Madoa ya samawati yametoka wapi kama si pleti kusuguana juu leva haina mchezo?

#54 Spana Kumi
Mwalimu ilianza kuteleza kabla akaze. Soma post ya kwanza.

#55 Mwalimu 58
Nimesoma. Hajasema leva ilikuwa inacheza kiasi gani kabla. Pleti kutoka 3.0 mpaka 2.8 mchezo unaweza kuwa uliisha wenyewe.

#56 Dereva wa Majengo
Na breki?

#57 Mzee wa Bondeni
Jamaa kiki bado ni nyepesi?

#58 Jamaa wa Kondele
Mzee bado ni nyepesi vile vile 😅 Lakini inapanda mlima basi nimeiacha. Nyar Ahero kijana wa Nyalenda alileta pleti za zamani?

#59 Nyar Ahero
Alileta. Zimeisha kabisa, laini kama sahani ya kikombe. Lakini nilipozihesabu ni saba, na fundi aliyefungua ile ya Ahero aliniambia ndani huwa tano.

#60 Omwami wa Lurambi
😂😂😂😂 Nilisema Kibuye.

#61 Spana Kumi
Mama piki zote ni modeli moja?

#62 Nyar Ahero
Modeli moja, duka moja, siku moja. Nimemuita Jumapili baada ya kanisa.